Kabla Hujatia Pesa Kwenye Vizimba vya Samaki

Haupiti mwezi bila mtu kunipigia simu kuniuliza kama vizimba vya samaki, yale matundu ya nyavu yanayoelea ziwani, vinalipa. Wengi ni watu wa mshahara walioko Nairobi au Nakuru. Wameona video ya kijana amesimama juu ya kizimba, anavuta wavu uliojaa ngege (tilapia) wanaorukaruka, na hesabu anazopiga ni tamu kweli. Huwa nawauliza: chakula cha samaki utakinunua wapi, na je, unajua kwa nini kinapanda bei? Wengine hukata simu hapo hapo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zimenichosha. Pia yale niliyoyapitia hayamo kwenye video.

Niko katika biashara ya samaki Kisumu tangu nilipoolewa hapa kutoka Mumias. Nimeuza mifupa ya mbuta (sangara) iliyobaki baada ya minofu kwenda Ulaya, nikauza ngege wa katoni kutoka China, kisha nikaingia kumfuga ngege mwenyewe. Kila nilipohama niliamini sasa nimeishika biashara mahali penye pesa, na kila mara uamuzi uliofanywa mbali, na watu wasiojua hata Kisumu iko wapi, uliingia hadi kwenye karai langu.

Nilianzia Obunga. Mtaa huo uko karibu na viwanda, na pua hukuambia umefika kabla ya kondakta. Ndiko unakokaangwa mgongo wazi: kichwa, uti wa mgongo na mkia wa mbuta baada ya kiwanda kutoa minofu ya pande zote mbili. Minofu hutiwa kwenye barafu na kusafirishwa nje. Yaliyobaki hutoka mlango wa nyuma kwa lori, na akina mama huwa wamepanga foleni na mabeseni tangu alfajiri.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenifundisha. Mifupa huoshwa kwa maji mengi, kichwa kikapasuliwa kwa panga, kisha vyote vikaanikwa juu ya waya mpaka maji yachuruzike, maana ukiharakisha mafuta yatakurukia usoni. Tulikaangia kwenye pipa lililokatwa katikati. Moshi wa kuni ulituuma macho mpaka jioni, na harufu haikutoka kwenye nguo hata ukifua mara mbili. Lakini shavu la mbuta lina kipande cha nyama nyeupe, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kitamu kuliko minofu yenyewe. Wazungu wangekijua, nadhani wangechukua na kichwa.

Mbuta mwenyewe si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa zama za ukoloni, miaka ya hamsini, na miongo miwili au mitatu baadaye akawa amelitawala ziwa lote. Fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, wengi wao wakaishia tumboni mwake. Viwanda vya minofu vikafuata. Kwa hiyo mgongo wazi, ambao vijana wa leo wanadhani ni chakula cha mababu, umri wake haufiki hata wa mama mkwe wangu. Kabla ya viwanda, samaki alifika sokoni akiwa mzima, na nyumba ya kawaida ilimla mzima.

Mama mkwe hupenda kusimulia habari za mwaka 1999. Zilitokea tuhuma kwamba baadhi ya wavuvi wanamwaga sumu majini ili wavue kwa urahisi, na Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilimwambia huo lazima ulikuwa mwaka wa neema kwao, mbuta kubaki nyumbani. Akacheka.

“Mwanangu, mbuta alishuka bei mpaka tukala nyama yake sisi wenyewe,” akaniambia. “Lakini vijana wa viwandani walirudishwa nyumbani, na hao ndio waliokuwa wakinunua kwetu jioni. Samaki alikuwepo. Mnunuzi ndiye aliyekosekana.”

Wakati huo niliisikia kama hadithi tu. Ingekuwa leo ningechukua kalamu niandike.

Nilipokuwa Obunga mambo yalianza kubana kwa namna nyingine. Mbuta alipungua ziwani, viwanda vikapata malighafi kidogo, na mifupa yenyewe ikapata wateja wengine wenye malori makubwa kuliko mabeseni yetu: watengenezaji wa chakula cha mifugo. Halafu pana kibofu cha hewa cha mbuta, kile majirani zetu wa Mwanza wanachokiita bondo. Zamani kilitupwa. Siku hizi hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, ambako ni chakula cha karamu, na kwa uzito kina bei kushinda minofu. Ukiona mbuta mkubwa sokoni, ujue kibofu chake kimeshauzwa kabla hajafika, na bei ya kibofu hicho ndiyo inayoamua mvuvi atamuuza mbuta mzima kwa nani. Mama wa Obunga hakuulizwa.

Ningeweza kwenda kununua moja kwa moja ufuoni. Wanawake wenzangu wanaelewa kwa nini sikutaka. Samaki wakipungua na wanunuzi wakiwa wengi, baadhi ya wavuvi hudai zaidi ya pesa ili wakuuzie wewe kwanza. Jambo hilo lina jina kila ufuo, jaboya, na limeacha maradhi na yatima. Anayekuambia kwamba biashara ya samaki ni mtaji tu, huyo hajawahi kusimama ufuoni saa kumi na moja asubuhi akiwa mwanamke.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 2010 nikahamia Kondele, mtaa mwingine wa hapa Kisumu. Nikakodi fremu, nikanunua friza, nikaanza kupika ugali na samaki wa kukaanga, na samaki wenyewe walikuwa ngege wa katoni kutoka China.

Nasema wazi kwa sababu wengi walikuwa wakificha. Katoni ilikuwa ya kilo kumi, samaki wote wa saizi moja, wamekwisha kuparwa na kutolewa matumbo. Kwa bei ya jumla kilo moja ilikuwa karibu nusu ya bei ya ngege wa ziwani. Mteja wa Kondele ni fundi wa jua kali, mwendesha boda boda, kijana wa chuo. Alitaka sahani kwa shilingi mia moja na hamsini, na kwa samaki wa ziwani bei hiyo ilikuwa haiwezekani tena.

Ukiingia katika biashara hiyo, kuna mambo ambayo muuzaji wa jumla hatakuambia. Samaki wa kugandishwa huzamishwa kwenye maji ili apate ganda la barafu la kumlinda. Ganda hilo nalo huingia kwenye mzani. Chukua katoni moja, iache iyeyuke, mwaga maji, kisha upime. Mimi nilipata kilo nane na nusu hivi, na kuna katoni zilizokuwa mbaya zaidi. Bei yako ya kweli inatokana na hizo nane na nusu, si kumi zilizoandikwa kwenye karatasi. Jambo la pili ni nyama na barafu. Samaki aliyeyeyuka njiani akagandishwa tena, nyama yake huachana na mfupa ukimbonyeza, na barafu ndani ya katoni hukusanyika upande mmoja badala ya kumfunika kila samaki. Huyo mrudishe. Habari za samaki wa plastiki na wa sumu zilizokuwa zikizunguka kwenye simu za watu sikuzifuata sana. Aliyeumwa tumbo Kondele mara nyingi aliumwa kwa sababu umeme ulikatika usiku kucha na mwenye friza akanyamaza.

Watu waliniuliza, “Huyu ni wa ziwani?” Nilijibu ni wa China, mwenye haraka ale, mwenye pesa aende ufuoni Dunga. Wengi walicheka wakala. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alimgeuzageuza samaki kwenye sahani akaniambia, “Nyathina (mwanangu), samaki asiyenuka ziwa hana kwao.” Alimaliza sahani, akarudi kesho yake. Sikumwambia kwamba hata yule anayemwita ngege wa ziwani, kwa sehemu kubwa, ni samaki aliyeletwa hapa miaka ya hamsini kutoka maziwa mengine. Ngege wa asili ni adimu siku hizi kuliko pesa ya mkopo wa serikali.

Tuliishi na hali hiyo. Watoto wangu walikua wakidhani samaki hutoka kwenye boksi, na hilo liliniuma, maana mimi nilikulia karibu na mto Nzoia na samaki nilimjua akiwa hai. Lakini sitasema samaki wa China alikuwa laana. Alilisha mtaa. Alimwumiza mvuvi wa hapa, ndiyo, kwa sababu hoteli za Nairobi ziliacha kumpigia simu. Akanisaidia mimi kulipa karo. Yote mawili ni kweli, na nimechoka na mijadala inayotaka nichague moja.

Kisha ikaja Oktoba 2018. Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba samaki wa China wazuiwe, na wavuvi wa ziwa wakashangilia. Ubalozi wa China haukufurahi, na magazetini habari za samaki zikawa zinaandikwa pamoja na habari za mkopo wa reli kutoka China. Miezi michache baadaye, katoni zikarudi. Ukizisoma sasa ni aya mbili tu za historia. Kwangu zilikuwa miezi ya friza tupu inayokula umeme. Muuzaji wangu wa jumla alikuwa na akiba kidogo, akaipandisha bei na kuwauzia wateja wake wakubwa kwanza. Ngege wa ziwani naye, aliyetakiwa kuokolewa, alipanda bei kwa sababu ziwa halikuwa na samaki wa kutosha kuziba pengo. Sehemu yetu Wakenya ni asilimia sita tu ya maji ya Ziwa Viktoria. Hilo watu husahau wakiimba kwamba tuna ziwa.

Niliuza omena (dagaa) na chipsi mpaka mambo yakatulia. Ukiwa na biashara inayotegemea bidhaa ya nje, weka kando fedha za kodi ya fremu ya miezi mitatu na usiziguse, hata kama friza imejaa. Hizo ndizo zilizonibakisha Kondele wakati majirani zangu wawili walifunga.

Sasa vizimba.

Wazo lilitoka kwenye chama chetu cha wanawake. Kila mtu alikuwa anazungumzia vizimba, na vilikuwa vimeshaenea Siaya, Homa Bay na kwetu. Tuliona kwamba tukimfuga ngege wetu, hatutamsubiri mvuvi wala meli. Tukachukua mkopo, tukapata sehemu upande wa Asembo, tukatia vizimba mwaka 2020. Mwaka huo ziwa lilifura mpaka kiwango ambacho wazee walikuwa wamekiona mara ya mwisho miaka ya sitini, na ufuo tuliopatana nao ukamezwa. Tukasogea, tukaanza upya na wenye ardhi. Muda huo wote riba ilikuwa inakimbia.

Hizi ndizo hesabu, kwa kizimba kimoja cha mita mbili kila upande, maana ndizo kila mtu anazozitaka. Unatia vifaranga elfu mbili. Wengine hufa, wengine huibwa, wengine hudumaa. Baada ya miezi saba au minane ukivuna kilo mia sita za samaki wa kuuzika, mshukuru Mungu. Kila kilo ya samaki imekula takriban kilo moja na nusu ya chakula, na kidogo zaidi kwa sababu ya kinachozama. Hiyo ni karibu tani moja ya chakula, kwetu ilikuja kilo 960. Tulipoanza tulinunua kwa shilingi 120 kwa kilo, yaani 115,200. Tuliuza samaki kwa jumla kwa 330 kwa kilo, tukapata 198,000. Vifaranga walitugharimu kama elfu ishirini. Kilichobaki, elfu sitini na kitu, kilimlipa mlinzi, mtumbwi, nyavu za kubadilisha, usafiri, na faida ikabaki ndogo ila ilionekana. Mavuno ya kwanza tuliimba.

Miaka miwili baadaye chakula kile kile kilikuwa 170 kwa kilo. Fanya hesabu mwenyewe: 163,200. Bei ya samaki haikupanda, kwa sababu katoni za China bado zilikuwa Kondele na ndizo zilizoweka dari ya bei. Ukiondoa vifaranga unabaki na elfu kumi na tano kabla hujamlipa mlinzi. Tulikuwa tunafuga samaki ili muuzaji wa chakula ale.

Kwa nini kilipanda? Angalia ndani ya mfuko. Kuna soya, kuna unga wa samaki, kuna mahindi au ngano, kuna vitamini, na sehemu kubwa hununuliwa nje kwa dola. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022, nafaka zilipanda duniani. Shilingi yetu, iliyokuwa karibu mia moja kwa dola moja mwanzoni mwa 2020, ilianguka mpaka karibu 160 Januari 2024. Baadaye ilirudi karibu na 130, lakini mfuko wa chakula haukurudi nayo. Bei ya juu ilikuwa imeshazoea kukaa. Na kinachonikera zaidi ni kwamba sehemu ya unga wa samaki ule ni omena, omena ya ziwa hili hili. Samaki wa maskini anakaushwa, anasagwa, anapewa samaki wa mwenye pesa, kisha yule mama wa mtaani anaambiwa omena imekuwa ghali.

Ukienda Nakuru kwa barabara ya Kericho unapita katikati ya mashamba ya majani chai. Nina shemeji huko. Chai yake inauzwa mnadani Mombasa kwa dola, kwa hiyo dola ikipanda yeye hutabasamu wakati mimi nashika kichwa. Tukikutana kwenye harusi hatuzungumzi habari za uchumi.

Hasara yenyewe ilikuja kutoka majini. Mwishoni mwa 2022 samaki wa vizimba walikufa kwa wingi upande wa Ogal, na wataalamu wakataja upungufu wa oksijeni. Sisi tulisoma habari hizo kwenye simu, tukawaonea huruma wenzetu, tukaendelea kulisha. Kwetu haikupita muda. Mlinzi alinipigia alfajiri: “Mama, samaki wako juu wanavuta hewa.” Nilipofika Asembo saa tatu, vizimba viwili vilikuwa vimegeuka vyeupe. Matumbo yote yalitazama juu. Upepo ulikuwa umesukuma gugu maji likaziba upande wa ufuo, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya tope la chini.

Mwenyekiti wetu aliketi juu ya mtungi wa plastiki na hakusema neno mpaka mchana. Watu walikuja na mabeseni wakitaka kununua wafu kwa bei ya kutupa ili wawakaushe kwa moshi. Tulikataa na kuwafukia, ingawa najua kuna waliochotwa upande wa pili tukiwa tumegeuka. Usiku ule mume wangu hakuniuliza kitu, akanipakulia chakula mwenyewe. Nililia kwa hilo kuliko kwa samaki. Aliyetukopesha alipiga simu wiki hiyo hiyo kukumbusha tarehe. Bima hatukuwa nayo, na kampuni tuliyoiuliza baadaye ilitaka kumbukumbu za kila siku za maji ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameziweka.

Haya ndiyo yaliyonikaa kichwani kutokana na mwaka ule, kwa yeyote atakayetia kizimba bado. Angalia kina kwanza. Chini ya kizimba lazima kuwe na mita kadhaa za maji yanayotembea. Ghuba tulivu inapendeza kwa macho lakini kinyesi na chakula kinachozama hukaa pale pale na kula oksijeni. Uliza wavuvi, si wauzaji wa vizimba, upepo husukumia gugu maji wapi kila msimu. Gugu hilo lililetwa Afrika kama ua la urembo kutoka Amerika Kusini, na tangu miaka ya tisini limekuwa likielea kwenye ghuba yetu ya Winam linakotaka. Samaki wakikataa chakula au wakija juu kabla ya jua kuchomoza, acha kuwalisha siku hiyo. Kila mtu anadhani wana njaa. Samaki aliyeshiba hutumia hewa nyingi zaidi, kwa hiyo unamwongezea kifo. Na usiweke vizimba vyote mahali pamoja na jirani yako kwa sababu mlinzi ni mmoja. Tulibanana ili kuokoa mshahara wa mtu mmoja, tukapoteza wa sisi sote.

Ruhusa nayo usiikwepe. Kamati ya ufuo, idara ya uvuvi ya kaunti na NEMA, mamlaka ya mazingira, kila mmoja ana karatasi yake. Ni usumbufu, na kuna ada zisizo na risiti ambazo utaombwa na ninakushauri uombe risiti kwa sauti ya juu mbele ya watu. Lakini siku ya kufa samaki au ya kuhamishwa, asiye na karatasi hana pa kusimama.

Chama chetu kilipungua. Waliojitoa hatukuwalaumu. Tuliobaki tuliuza vizimba vitatu ili kumaliza deni, na tunaendesha vichache ambavyo tunaweza kuvilisha bila kukopa. Hatufugi tena ili kushindana na katoni ya Kondele, kwa sababu hapo tutashindwa kila siku. Tunavuna kwa oda, samaki wa nusu kilo na kuendelea, anapelekwa Nakuru akiwa na barafu, anakaa njiani kwa muda wa saa nne au tano tu. Huko kuna watu ambao wazazi wao hawakuwahi kuweka samaki mezani. Mwaka 2009 serikali ilichimba mabwawa ya samaki hadi kwenye maeneo ya wafugaji na wakulima wa viazi, na mengi baadaye yalikauka, lakini ladha ilibaki. Mteja wa Nakuru hulipa zaidi kwa sababu anataka samaki aliyevuliwa jana, wala haulizi habari za ziwa. Hutaka apakiwe bila kichwa. Nimekubali, na vichwa navileta Obunga kwa mama mkwe.

Chakula tunanunua cha mavuno mawili mapema shilingi ikiwa na nguvu, na tunakipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu ukungu huua samaki polepole bila dalili. Tulijaribu kuchanganya chetu kutokana na pumba, mashudu ya alizeti na damu ya machinjioni. Vifaranga walikikataa. Samaki wakubwa walikila vizuri wakakua taratibu, na kwa sasa tunakitumia miezi miwili ya mwisho tu. Kuna anayesema funza wa nzi weusi ndio jibu, na nimeona mradi mmoja mdogo ukifanya hivyo karibu na mji. Sijatia pesa huko. Nataka niwaone kwanza wakimaliza mwaka.

Ukija kuangalia mwenyewe kabla hujaamua, nitakuelekeza, lakini usije Jumamosi na kamera. Njoo alfajiri ya siku ya kawaida, ukae na mlinzi, umuulize amelipwa mara ya mwisho lini. Waombe wenye vizimba daftari la chakula na si picha za mavuno. Na ukifikia kununua vifaranga, usimlipe muuzaji kabla hujawahesabu: chota bakuli moja, uwahesabu mmoja mmoja, kisha uzidishe kwa idadi ya bakuli. Akikasirika, tafuta mwingine, wapo wengi.